Vioo viwili au kimoja? Kwanza tazama fremu na pengo la ukutani

Mkuu, umeuliza kama ubadilishe madirisha yako yote ya kioo kimoja uweke ya vioo viwili, na utamjuaje muuzaji anayekuzunguka. Mimi nilishazungukwa, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Muuzaji alinionyesha karatasi imeandikwa U 1.1. Hicho ni kipimo cha joto linalopita kwenye dirisha. Kikiwa kidogo ndiyo vizuri. Nikasoma, nikakuta kioo kimoja cha kawaida kina kama 5.8, vioo viwili vitupu kama 2.8, na hiyo 1.1 hupatikana vikipakwa tabaka jembamba mno la madini ya fedha na kujazwa gesi ya agoni katikati. Nikalipa roho kwatu.

Kumbe 1.1 ilikuwa ya katikati ya kioo tu! Fremu ilikuwa alumini tupu, haina kile kipande cha plastiki kinachotenganisha upande wa nje na wa ndani. Asubuhi za baridi kioo kikavu, fremu inatoka jasho mpaka maji yanachuruzika kwenye plasta. Dai U ya dirisha zima, fremu ikiwemo, kwa maandishi. Akianza kuumauma maneno, aga uondoke.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakitaji mpaka uulize: sehemu ya joto la jua inayopenya, kati ya 0 na 1. Kwa chumba chako kinachopigwa na jua la jioni, tafuta 0.3 au chini yake. Ila kama kuna upande unaohitaji jua wakati wa baridi, huko iache iwe juu, hilo ni joto la bure. Hakuna sheria inayosema nyumba nzima iwe na kioo cha aina moja. Na ukiweza kuweka kivuli nje, weka. Pazia la ndani linapambana na jua ambalo limeshaingia.

Kujua kama tabaka lipo kweli, washa kiberiti karibu na kioo gizani. Vioo viwili vina nyuso nne, utaona ndimi nne za moto. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, tabaka lipo. Fundi alinicheka nilipofanya hivyo, baadaye akaniomba kiberiti ajaribu mwenyewe.

Huyo huyo fundi ndiye aliyeniachia upepo chumbani. Siku yenye upepo niliwasha udi nikauzungusha taratibu kando ya fremu, moshi ukapanda wima mpaka nilipofika kona ya chini kushoto, ukalala kabisa kuelekea ndani. Alikuwa amepaka silikoni kwa nje tu, na pengo kati ya fremu na ukuta lilikuwa wazi. Akarudi, akajaza pengo kwa povu la kuzibia linalokauka, akaziba na ndani. Chumba kikatulia kuliko siku kilipowekwa kioo kipya.

Dhamana nayo iulizie kitu kimoja: ukungu katikati ya vioo. Ukiuona humo, muhuri wa pembeni umekufa na ukungu huo haufutiki, ni kubadilisha kioo chote.

Kabla hujaita fundi yeyote, pita na udi kwenye madirisha yako ya sasa. Pengine mawili matatu yanataka mpira mpya tu wa kuziba kingo. Kisha rudi utuambie moshi ulilala wapi.