Fundi Meno Anajibu: Biti mpya, diski mpya, na majini bado yanamong'onyoka

Mwezi huu barua karibu zote ni za mashine ya kuchonga meno ya bandia, sijui ndo joto au ndo vumbi la kiangazi, basi acha niende nazo hivyohivyo, nyingine nitajibu kwa kirefu na nyingine nitapita tu.

Shikamoo fundi. Nina maabara yangu ndogo Tabata, mashine ni ya mihimili mitano, kavu (haitumii maji), naichongea zikonia tu, ile nyenzo nyeupe ya meno ya bandia. Wiki kama tatu sasa kraun (kofia za meno) zinatoka majini, yaani kingo zake, yamemong'onyoka kama mkate uliokatwa na kisu butu, hasa za magego. Nimeweka biti mpya kabisa, bado. Nimebadilisha diski ya zikonia ninayochonga, nikaweka ya kampuni nyingine, bado. Daktari kashanirudishia kazi tatu na fundi niliyempigia simu anasema spindo (injini inayozungusha biti) imekufa ninunue mpya, na bei yake hata nikiuza bodaboda yangu haifiki. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza usiuze bodaboda.

Hayo majini yako (ya kraun, sio ya kupungwa) nimeyaona kwenye picha uliyotuma, na kitu kimoja kimenisaidia, umesema biti ni mpya na tatizo halikubadilika hata kidogo. Biti butu inamong'onyoa, ni kweli, lakini inaanza taratibu, wiki ya kwanza kidogo wiki ya pili zaidi. Ukiweka mpya na hali ikawa ileile maana yake biti inazunguka huku inayumba. Zikonia kabla ya kuchomwa tanurini ni kama chaki, unaikwangua kwa urahisi, sasa biti ya milimita 1 au ile nyembamba ya 0.6 inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, ikiyumba hata kidogo tu haikati tena, inagonga. Katikati ya kraun huwezi kuona kwa sababu kuna unene, ila pale ukingoni ambapo ni pembamba kama ganda la yai lazima paachie.

Na kinachoyumbisha mara nyingi sio spindo, ni koleti, ile kishikio ya ndani inayobana shina la biti.

Fanya hivi. Chomoa biti kwa njia ya kawaida ya mashine, zima, subiri itulie kabisa. Fungua koleti kwa spana yake iliyokuja na mashine, sio koleo la duka la baiskeli tafadhali. Ukishaitoa tandika kitambaa cheusi mezani halafu igonge polepole juu yake. Ukiona unga mweupe umeanguka kama wa ngano basi mgonjwa umemwona, huo unga ndo umekaa kati ya koleti na ile koni ya ndani ya spindo, upande mmoja zaidi ya mwingine, na biti inakaa imeinama. Chukua brashi ndogo ya koleti upitishe ndani mpaka isitoke na kitu, futa shina la biti pia kwa kitambaa kikavu, watu wanasahau shina. Koni ya spindo unaifuta kwa brashi yake au pamba kavu, na kama kitabu cha mashine yako kinataka grisi basi ni ile ya koleti na kiasi cha tone, ukipaka kama unapaka mkate siagi umetengeneza gundi ya vumbi. Wakati wa kurudisha, spindo nyingi zinataka koleti ibanwe ikiwa na pini au biti ndani yake, ukiibana tupu inajikunja na hapo ndo utanunua kweli.

Na usipulizie hewa ya kompresa! Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasafisha mashine kwa bunduki ya hewa kila jioni najiona msafi kuliko wote, mashine inang'aa, kumbe naisukuma zikonia kwenye beringi na kwenye reli. Spindo ilianza kulia kama mbu, halafu kama jenereta, halafu ikanyamaza. Tangu siku hiyo ni brashi na vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) tu.

Ukishamaliza, kama una saa ya kupimia myumbo iweke kwenye pini ya chuma uizungushe kwa mkono, ikicheza zaidi ya milimita 0.01 baada ya usafi huo badilisha koleti, ambayo ni kitu cha kubadilishwa kama tairi, haiji kukaa miaka. Ikicheza bado na koleti mpya, hapo sasa yule fundi wako alikuwa sahihi na mimi nitanyamaza.

Jambo la pembeni, angalia pia mchoro wako. Kuna watu wanachora jini jembamba kama wembe kwenye kompyuta sababu linapendeza, halafu wanailaumu mashine. Liongezee unene kidogo, kraun ikitoka umalizie kwa raba kwa mkono kabla ya tanuri, inachukua dakika mbili.

Fundi habari, mimi niko Mombasa. Mashine yangu inasimama katikati ya kazi inaandika kosa la hewa, mara nyingi ikitaka kubadilisha biti. Asubuhi iko sawa, ikifika saa nane mchana inaanza. Kompresa ni mpya. Halafu nimeona ndani ya mashine vumbi limeganda kama uji mkavu, si kawaida.

Nzuri dada yangu, na asante kwa kutaja saa, watu hawatajagi.

Ulivyoniambia Mombasa tu nilishajua, na ule uji umemaliza. Hewa ya pwani imejaa maji, kompresa inaikamua na kuisukuma kwenye tanki, ikipoa humo maji yanashuka chini, na kila siku unapofanya kazi yanaongezeka mpaka yanapanda kwenye bomba. Asubuhi tanki limepoa, mambo shwari. Mchana kompresa imepata moto, draya (kifaa cha kukausha hewa) kama unayo imezidiwa, basi hewa inafika kwenye mashine na mvuke. Ile valvu inayofungua koleti inakuwa nzito, presha inashuka pale pale ambapo mashine inaihitaji kuliko wakati wowote, inasimama. Na hewa hiyohiyo ndiyo inayopuliza karibu na biti, kwa hiyo unachanganya maji na unga wa zikonia, si uji huo.

Leo jioni piga magoti chini ya kompresa utafute ile valvu ya kumwagia chini kabisa ya tanki. Weka ndoo. Fungua polepole kukiwa na presha kidogo tu. Nina jamaa yangu huko Kisauni alitoa karibu lita mbili, za rangi ya chai ya maziwa, akaniuliza kama ni oili. Yalikuwa maji na kutu. Basi kumwaga kila jioni iwe kama kufunga mlango. Halafu nunua draya ya kupoza hewa, kwa hali ya pwani mimi siihesabu kama anasa, na filta yenye kikombe cha kioo uiweke karibu na mashine sio karibu na kompresa, ili uone kwa macho kama maji yamepita. Kompresa yenyewe iwe isiyotumia oili.

Presha, angalia kitabu chako, mashine nyingi zinazobadilisha biti kwa hewa zinataka kati ya bar 6 na 8, ila isome kwenye geji ya mashine *wakati inabadilisha biti*, sio ikiwa imekaa. Ikiwa imekaa kila mtu ana bar 7. Kama sindano inadondoka ghafla wakati ule, tazama bomba, labda ni jembamba au limekunjwa nyuma ya kabati.

Huo uji ulioganda utoe kwa mbao laini na kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu ukaushe kabisa kabla ya kuwasha. Usikwangue reli kwa bisibisi.

Kaka, kraun zangu zikiwa bado hazijaenda tanurini zinapendeza, zikitoka zinabana hazikai kwenye modeli (mfano wa meno ya mgonjwa). Daraja la meno manne yaliyoungana ndo balaa kabisa, linapiga kona. Niko Arusha. Skana ni nzuri.

Kaka wa Arusha, soma kibandiko cha diski.

Zikonia inasinyaa tanurini, kama asilimia 20 hivi kila upande, kwa hiyo mashine inachonga kubwa kwa makusudi, na kiasi cha ukubwa ni ile namba iliyoandikwa kwenye kila diski, mfano 1.2450. Kila diski, sio kila boksi, na namba zinatofautiana toleo hadi toleo. Umeshasema ulibadilisha msambazaji? Hukusema lakini nahisi.

Hesabu ni rahisi. Tuseme diski ni 1.2450 na kwenye softiweya imebaki 1.2300 ya diski iliyopita. Kitu cha milimita 10 kitachongwa 12.30 badala ya 12.45, kikisinyaa kinakuwa 9.88. Umepoteza milimita 0.12, na nafasi uliyoacha ya simenti labda ni 0.05 kila upande, kwa hiyo jumla ni 0.10. Imeshabana. Sasa daraja lako, tuseme lina urefu wa milimita 40, litapungua karibu nusu milimita nzima, hilo hata ulisukume kwa nyundo halikai.

Mimi nimezoea kuandika namba kwa kalamu ya mafuta ubavuni mwa diski siku ninayoifungua, maana kibandiko kinafutwa na mkono wa vumbi, baada ya siku tatu hakisomeki. Diski nyingine zina namba mbili, ya mlalo na ya wima, ziingize zote.

Kama namba iko sahihi na bado inabana, ndo uanze kuangalia kama jino alilolichonga daktari lina kona kali ambazo biti yako nyembamba haiwezi kuingia. Ila anza na kibandiko.

Kraun zinatoka na mstari kama ngazi umezunguka kiunoni, juu na chini havikutani.

Mashine imechonga upande wa juu, ikageuza diski, ikachonga wa chini, na hazikukubaliana. Kabla hujagusa kalibresheni (kuipima na kuirekebisha mashine) toa diski, futa kile kitako inapokaa, punje moja ya zikonia chini ya diski inatosha kuinamisha, kaza skrubu zote kwa usawa kwa kupokezana kama unavyokaza nati za tairi. Chonga mbili za majaribio. Ngazi ikielekea upande uleule zote mbili, ndo ufanye kalibresheni na pini yake ya kupimia. Ikibadilika badilika kuna kitu kimelegea na kalibresheni haitakusaidia, utakuwa unaipima mashine inayocheza. Na kama mashine iligonga kitu hivi karibuni, hata kidogo, kalibresheni ni lazima.

Fundi, naweza kuchonga zile bloku za rangi ya bluu za lithiamu disiliketi kwenye mashine yangu kavu? Nikienda polepole?

Hapana. Hata polepole. Ile ni kioo, inasagwa kwa almasi na maji, bila maji inapata moto inapasuka ndani kwa ndani ufa usioonekana, na vumbi lake sitaki kabisa ulivute. Mpe kazi hiyo mwenye mashine ya maji mgawane.

Na kwa wale wenye mashine inayofanya yote mawili, mkitoka kwenye maji kurudi kwenye zikonia kausheni kila kona, mlango, chini ya kishikio cha diski, bomba la vakyumu. Rudini kusoma jibu la dada wa Mombasa.

Umeme unakatika katikati ya kazi inayochukua saa nne. Nifanye nini pale pale? Na je UPS (betri ya dharura) ya kompyuta inatosha? Mbagala.

Pale pale usifanye chochote, ndo jambo gumu. Usifungue mlango ukachomoa diski. Biti iko ndani ya nyenzo, ukivuta unaivunja, na ukishatoa diski hutairudisha mahali palepale kwa usahihi, kazi imekwenda. Umeme ukirudi washa, pandisha spindo juu kwanza taratibu kama mashine inaruhusu kuisogeza kwa mkono, hakikisha biti imetoka salama haijakatika ncha, halafu mashine ijipime mwanzo. Diski haijaguswa, kwa hiyo kwenye softiweya unaweza kuanzia kwenye biti ambayo kazi ilikatikia badala ya mwanzo kabisa. Itapita sehemu zilizochongwa inakata hewa, iache ikate.

Ya tanuri ni tofauti, pale wengi wanaharibu. Umeme umekatika tanuri liko nyuzi 1,200, mtu anafungua mlango "kuangalia". Usifungue! Ubaridi ukiingia kwa ghafla unapasua kazi na unaweza kupasua hata vijiti vya kupashia moto. Acha lipoe lenyewe hata kama ni mpaka asubuhi. Kraun ikitoka nyeupe kama chaki haina ung'avu, haijaiva, usiipake glezi (ile ya kung'arisha) ukampelekea daktari.

UPS ya kompyuta, ile ya mezani, inabeba kompyuta, ila mashine yenyewe inaishinda. Nunua ile ambayo mashine inatumia umeme wa betri muda wote, sio inayoruka ikisikia giza, na uweke mashine na kompyuta yake tu hapo. Vakyumu na kompresa zikae kwenye stebilaiza yake, motor zikianza zinavuta umeme mwingi na UPS itapiga kelele siku nzima. Tanuri sahau, hakuna UPS ya bei yetu inayolibeba, lipangie kuchoma usiku ambapo mtaani kwenu umeme hautetereki, kila mtu anaujua mtaa wake.

Halafu vakyumu ikizima mashine ikabaki inachonga, simamisha. Vumbi likijaa biti inachonga vumbi lake yenyewe, na ndo tunarudi Tabata kwenye majini.