Mchoro wa mahitaji umejaa mistari, nifanyeje?

SWALI: Nachora mahitaji ya mfumo wa mawakala wa forodha hapa Kilindini: kusajili kontena, kulipa ada kwa M-Pesa, kuomba kibali cha kutoa mzigo, na kazi nyingine tisa. Usalama na kumbukumbu za ukaguzi nimeziunganisha na kila kazi, na sasa mchoro hausomeki. Nisaidieni.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hayo ni masuala mtambuka, yaani mahitaji yasiyokaa ndani ya kazi moja bali hupita katika nyingi. Uache mchoro kwanza, utengeneze jedwali: kazi zako 12 upande wa kushoto, masuala (usalama, kumbukumbu, kasi, usiri wa data) juu, na alama kila yanapogusana. Suala lenye alama moja tu si mtambuka. Liandike ndani ya kazi yake.

Sasa rudi kwenye mchoro wa UML (lugha ya alama za kuchora mifumo ya programu), ufute mistari yote ya masuala hayo. Kila suala lipe kisanduku kimoja, nje ya duara za kazi, chenye mambo matatu: linaingia kazi zipi, linaingia kabla au baada ya hatua gani, na linafanya nini. Mfano: "Kumbukumbu: baada ya malipo kuthibitishwa, hifadhi nani kalipa, lini, kiasi gani." Hapa ndipo wengi huharibu. Huandika "usalama: kazi zote", na anayeandika programu hajui nywila iulizwe kabla ya fomu au kabla ya malipo. Hatua zitaje kwa jina. Ukitumia namba, siku utakapoongeza hatua moja katikati, zote zitahama na kisanduku kitaelekeza kusikohusika. Na ukichora mshale wa nyongeza ("extend" kwenye UML), utoke kwenye suala uelekee kwenye kazi.

Masuala mawili yakikutana kwenye hatua moja, andika lipi litangulie. Yanaweza pia kugongana: kumbukumbu inataka namba ya simu ya mlipaji, usiri unataka ifichwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka data zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, kwa hiyo pengine msimbo wa muamala wa M-Pesa unatosha. Uamuzi huo mpelekee mwenye mfumo kabla programu haijaanza kuandikwa, na jibu lake liandikwe kwenye kisanduku chenyewe.

Kwa kuchora, draw.io ni ya bure na ina matabaka ("layers"), unayoweza kuyawasha na kuyazima. Kila suala liwe na tabaka lake, ili wakala aone kazi tupu, na mkaguzi awashe la kumbukumbu peke yake.