Unakula mpaka saa nne usiku, seli zako zitasafishwa saa ngapi?

Wadau, kuna protini inaitwa mTOR, iko ndani ya seli zako na kazi yake ni kama msimamizi wa saiti, inachungulia kama vifaa vimefika. Ukila, insulini ikapanda na amino asidi (vile vipande vinavyojenga protini) za nyama na maziwa zikaingia, hasa ile iitwayo leusini, mTOR inawaka na seli inaanza kujenga. Chakula kikikata inapoa, protini nyingine iitwayo AMPK inashika zamu na seli inaanza kuzila takataka zake yenyewe, protini zilizochakaa, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) mbovu. Huo usafi unaitwa otofajia, Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Nobel 2016 kwa kuonyesha unavyofanyika. Sasa mtu anakunywa chai na chapati asubuhi, soda mchana, karanga ofisini halafu chipsi mayai saa nne usiku, usafi utafanyika saa ngapi?

Dawa ya kuizima mTOR ipo, rapamaisini, ilitokana na bakteria wa udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui kule bahari ya Pasifiki mwaka 1964. Mwaka 2009 watafiti Marekani walitangaza kwamba panya waliopewa wakiwa wazee tayari, siku 600, sawa na mtu wa miaka 60 hivi, bado waliishi zaidi ya wenzao, basi tangu hapo watu wanaitafuta kama pipi. Jamani acheni! Hiyo wanapewa waliopandikizwa figo, inashusha kinga ya mwili.

Mi baada ya kuambiwa sukari yangu iko mpakani nilihamisha tu msosi wa usiku, saa moja jioni nishamaliza, na baada ya ugali natembea mtaani kidogo. Misuli ikifanya kazi AMPK inaamka hata kama hujafunga, na kile kipimo cha kidoleni kinanionyesha kabisa, siku nikikaa tu kwenye kochi namba inakuwa juu.

Bi mkubwa alitaka kuniiga nikamkatalia. Mzee misuli inapungua yenyewe, anahitaji hiyo mTOR iwake, ale mayai yake, dagaa, maharage, asubuhi asikose.

Na kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari usianze kushinda njaa kabla hujaongea na daktari wako, sukari ikishuka ghafla unaweza kuzimia barabarani.