Kakashi na Nina wangu hawaendani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anko. Mi binti wa Mbagala, napenda kuchora kapo za watu ambao hawajawahi kukutana, mmoja namtoa kwenye gemu mwingine kwenye katuni, saa hizi nimekomaa na Kakashi wa katuni ya Naruto na Nina Williams wa gemu la Tekken. Kila mtu peke yake anatoka freshi ila nikiwaweka pamoja wanakaa kama nimewakata kwenye magazeti mawili nikawabandika, na washkaji wananicheka eti Nina hawezi kumpenda ninja. Afu kuna jamaa Kariakoo anataka aniprintie kwenye tisheti auze, nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao washkaji achana nao, Nina ni muuaji wa kukodiwa na Kakashi alishapita Anbu, kikosi cha kuua kimyakimya, sasa hao wakikaa meza moja watakosa stori kweli?

Tatizo lako ni kwamba unakopi mikono ya watu wawili. Kakashi katokea kwenye manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, ni wino mtupu, kivuli kinaanza ghafla kinaisha ghafla, ila Nina tangu Tekken ya kwanza 1994 ni wa kompyuta, hana mstari wa nje na kivuli chake kinafifia taratibu. Lazima mmoja ahamie kwa mwenzake. Capcom, wale wenye gemu la Street Fighter, walipotoa gemu la Street Fighter X Tekken 2012 walifanya hivyohivyo, watu wa Tekken, Nina akiwemo, wakachorwa upya wafanane na kina Ryu wa Street Fighter. Mi ningemleta Nina kwenye wino, afu mwanga utoke upande mmoja kwa wote. Na urefu uangalie, Kakashi ana sentimita 181 Nina 161, kwahiyo utosi wa Nina uishie kwenye barakoa ya jamaa (viatu virefu mvue kwanza).

Sasa utamu uko kwenye lile jicho. Kakashi uso wote kafunika kabaki na jicho moja, kwahiyo usihangaike na mdomo, likunje jicho liwe kama upinde hapo ujue anacheka, na kile kitabu chake mchore kakishusha, mtu asiyeachaga kusoma akishusha kitabu sababu ya mwanamke kila mtu ataelewa.

Tisheti hapana. Nina ni wa Bandai Namco, kampuni yenye Tekken, Kakashi ni wa Masashi Kishimoto, aliyemchora, na wachapishaji wake, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwenye kazi, ukiuza bila ruhusa unajitafutia kesi. Jamaa mpe kapo uliyobuni mwenyewe, hata konda na muuza chipsi, na hela mkubaliane kabla hajawasha mashine.