Msindano na uyoga: anzieni mizizini

Ninyi mnaoanza masomo ya misitu, au mliopangiwa mafunzo kwa vitendo kitaluni, swali la kulinganisha mti na uyoga halitachelewa kuwafikia. Wengi huchora jedwali: mti una klorofili, uyoga hauna, mti huzaa mbegu, uyoga hutawanya spora, kuta za seli za mti zina selulosi, za uyoga zina kaitini. Sawa, maksi mtapata. Ila siku miche ikianza kugeuka manjano, jedwali hilo halina msaada.

Chukueni Pinus patula, msindano uliotapakaa katika shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, kusini mwa Tanzania. Asili yake ni Mexico. Majani yake marefu membamba huning'inia. Kando yake wekeni uyoga wa Suillus, unaochomoza chini ya misindano mvua zikikolea. Kofia yake inateleza, na ukiigeuza huoni matamvua bali vitundu vidogo vya manjano, kama sifongo. Kinacholiwa hapo ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizojificha udongoni na kuzifunika ncha za mizizi ya msindano. Mti huzilisha sukari, nazo huuletea mti maji na fosforasi kutoka pembe ambazo mzizi haufiki.

Msindano ni mgeni kwetu, na kuvu wake, yaani uyoga huo na nyuzi zake, nao ni wageni. Ndiyo sababu watu wa vitalu huchota udongo chini ya misindano mikubwa na kuuchanganya kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Mzee wa kitalu akiushikilia udongo huo, msimbishie. Mbolea haiwezi kushika nafasi yake. Tena fosfeti ikizidi, kuvu hushindwa kushika mizizi vizuri.

Ng'oeni mche mmoja, osheni mizizi taratibu kwenye beseni, kisha tazameni kwa lenzi. Mnatafuta vijizizi vifupi, vinene kidogo, vilivyogawanyika mara mbili kwenye ncha. Msipoviona na mche umedumaa, msikimbilie pampu: baadhi ya dawa za kuua kuvu zitamaliza hata hao wachache waliopo.

Kuhusu sufuria, Suillus humenywa ngozi ya juu kabla ya kupikwa, maana huweza kuvuruga tumbo. Na chini ya misindano hiyohiyo huota Amanita muscaria, mwenye kofia nyekundu na madoa meupe. Naye ni rafiki wa mizizi, lakini ni sumu. Mvua kubwa huyaosha madoa yale, kwa hiyo msichume bila mwenyeji anayeujua uyoga wa hapo.