Uliza Shangazi wa Duka: Anza na karanga za chini

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina minimaketi huku Nzuguni, ndo nimefungua mwaka huu. Nataka kuweka vile vyombo vya uwazi ambavyo mteja anajichotea mwenyewe, niweke mchele, choroko, njugu mawe, karanga za kukaanga, zabibu kavu na mlenda wa unga. Fundi aluminiamu kanichorea maboksi sita ya kioo, yote saizi moja, sentimita 30 kwa 30, kimo 120, mfuniko juu, mteja anachota kwa juu. Kwenye karatasi yanapendeza kweli. Ila kabla sijampa advansi nimeona nikuulize, kuna cha kubadilisha?
Msomaji, Nzuguni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa duka. Advansi usitoe kwanza.

Mchoro huo naujua, nilitengenezewa wa hivyohivyo nilipokuwa na duka Majengo. Nilikuwa kila mzigo mpya wa karanga ukija namimina juu ya zilizopo, mteja anachota juu, zikipungua namimina tena, chombo hakijawahi kuonekana kitupu na mimi nikajua ndo biashara inakwenda. Baada ya kama miezi minne nikaamua kukisafisha. Nilipofika chini nikakuta karanga zimeshikana kwa utando mweupe kama wa buibui, zimeganda bonge zima, ukipasua moja ndani imekuwa njano ya kukolea na inatoa ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Nilikaa na lile bonge mkononi nikawa nawaza watoto wa shule waliokuwa wanapita kununua za mia mbili mia mbili, maana kila nilipokuwa natikisa chombo kisawazike, za chini zilikuwa zinapanda juu kidogo kidogo.

Na karanga sio kitu cha kufanyia mchezo. Mwaka 2016 hapahapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, yani sumu inayotengenezwa na fangasi, iliyokuwa kwenye mahindi, na fangasi wa aina hiyohiyo karanga anazipenda vilevile. Sumu yenyewe huioni kwa macho, na kukaanga hakuimalizi yote. Kwaiyo zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambue kabla hazijaingia kwenye chombo, afu chombo chenyewe kisizifiche zilizozeeka.

Ndo mana nakwambia anza kufikiria chini. Kabla ya kioo, kabla ya rangi, jiulize kile kilichoingia kwanza kitatokaje kwanza. Kuna njia mbili tu ninazoziamini. Moja ni chombo kinachojazwa juu na kutolea chini, mteja anavuta mkono mdogo mzigo unashuka wenyewe kwenye mfuko, akiachia springi inafunga. Ya pili ni kisanduku kifupi cha kulala, chenye mfuniko mbele, mteja anachota kwa skupu, na wewe unakitoa chote unakiosha kabla ya kuweka kingine. Hilo boksi la fundi wako halimo kwenye njia hata moja, tena mzigo ukishuka nusu mteja itabidi azamishe mkono mpaka begani, na mkono wa shati ndani.

Sasa sio kila kitu kinafaa kila chombo. Mchele, choroko na njugu mawe vinateleza vizuri, hivyo vitolee chini. Ila sakafu ya ndani lazima iwe na mteremko wa kutosha, na kuujua huhitaji mtaalamu: chukua sinia, mwagia choroko taratibu mpaka zifanye kichuguu, angalia ubavu wa kile kichuguu umelala kiasi gani. Mteremko wa chombo uwe mkali kuliko ubavu ule, mimi huwa nawaambia mafundi nyuzi 45 au zaidi, la sivyo mzigo unabaki kwenye kona na hautoki ng'o. Na mdomo wa chini upana wake uwe kama mara sita ya punje kubwa kuliko zote, kwa njugu mawe ambayo punje yake inafika sentimita moja mpe sentimita sita au saba, ukibana hapo zinajifunga zenyewe kama daraja na mteja anaanza kupigapiga kioo kwa ngumi.

Zabibu kavu usithubutu kuzitolea chini. Zina sukari, joto letu la Oktoba likipiga zinashikana tonge. Hizo na karanga za kukaanga ziende kwenye kisanduku cha skupu, na karanga uziweke mbali na jua la dirishani kwa sababu mwanga na hewa ndo vinachachisha mafuta. Mlenda wa unga usiuweke kabisa kwenye kujihudumia, unapeperuka, unaganda, kila mtu anavuta pumzi juu yake, funga tu kwenye vifuko vidogo vilivyopimwa ukae shelfu.

Saizi nayo isitoke kwa fundi, itoke kwenye daftari lako la mauzo. Hilo boksi lako ni lita 108, karanga linameza kilo 65 na zaidi. Kama unauza kilo mbili kwa siku, mzigo mmoja utakaa mwezi mzima na bado. Mimi ningetaka chombo kiishe na kioshwe kila baada ya siku tano, yani kilo 10, na karanga zilizomenywa lita moja ni kama kilo 0.6 na kidogo, kwaiyo lita 16 zinatosha kabisa. Mchele ni mzito zaidi, lita 10 inakaribia kilo 8. Utaona vyombo vyako sita havitakuwa sawa hata kidogo, na usijisikie vibaya, duka sio maonyesho ya Nanenane.

Kitu kingine ni mfuniko, watu wengi wanaupuuza. Bawaba iwe juu, na uweke kizuizi ili mfuniko usifunguke mpaka ukasimama wima, mteja akiuachia uanguke ujifunge kwa uzito wake. Ukifunguka mpaka ukalala nyuma hamna mtu atakayekumbuka kuurudisha. Mteja anayejihudumia hana mtu wa kumwambia. Hata Marekani zamani walikuwa wanasimama kaunta wanaagiza kama sisi tunavyoagiza kwa mangi kwenye nondo, mpaka Clarence Saunders alipofungua duka la Piggly Wiggly pale Memphis mwaka 1916 akawaacha wateja wapite wenyewe kwenye shelfu. Muuzaji akishatoka katikati, kazi yake yote ya kufunika, kupima na kuzuia mikono inabidi chombo kiifanye.

Mwambie fundi pia ndani asipake rangi, asitumie mbao za kubandika zinazovimba, kona aziviringe brashi ifike, na silikoni iwe ile inayoruhusiwa kugusa chakula. Ukikuta asubuhi kuna umande ndani ya mfuniko, mzigo haujakauka. Utoe uuanike siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi vyombo vyangu ni vya plastiki ngumu ya uwazi, akriliki. Kila asubuhi nafuta kwa kitambaa kikavu vinang'aa, saa nne tu vumbi limerudi kuliko hata mwanzo. Tatizo ni upepo wa hapa kwetu au?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Upepo upo, ila kitambaa chako kikavu kinausaidia. Plastiki hiyo ukiisugua kwa kitu kikavu, hasa kiangazi hewa ikiwa haina unyevu, inapata umeme ule mdogo, uleule unaosimamisha nywele ukivua sweta, basi vumbi linavutwa na kung'ang'ania. Tumia kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo sana, futa bila kukandamiza, acha kikauke chenyewe. Spirit usipake kabisa, akriliki inapata nyufa nyembambanyembamba ambazo hazitoki tena, na kile kitambaa kikavu chenye mchanga wa Kongwa ndani yake ndo kimekuwekea ile mikwaruzo ambayo najua unayo. Afu geuza shelfu, upande wa midomo usitazamane na mlango. Nilipogeuza ya kwangu ikaangalia ukutani nusu ya vumbi iliisha bila kununua kitu.

SWALI: Shangazi, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 kuna wateja wanakuja na makopo yao wajichotee. Niwakubalie? Na kwenye mizani inakuwaje?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Wakubalie, ni wateja wazuri hao, wanarudi. Kopo liwe safi na kavu, liangalie kabla, likiwa na unyevu mpe mfuko wa kaki. Lipime likiwa tupu kwanza, mizani uirudishe sifuri likiwa juu yake, ndo akachote. Mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika ya mwaka huu ionekane, usiwauzie kwa kisado wala kikombe. Skupu ifunge kwa mnyororo mfupi kwenye chombo chake, isiweze kufika kwenye chombo cha jirani, maana skupu ya karanga ikiingia kwenye mchele, kuna mtu karanga zinamvimbisha koo na hatajua zimetoka wapi. Sehemu ya kuitundika iwe nje ya chombo, mshikio usilale ndani ya chakula. Na bei iandike kwa kilo na kwa robo, kubwa, chini ya kila chombo, bibi aliyesahau miwani naye aisome.