Goti limegoma, je, nigeukie ukocha?

Pole na goti, ndugu yangu. Unauliza kama miaka 33 ni mapema mno kuacha kikapu na kushika timu ya vijana, na kama mchezaji wa benchi atasikilizwa. Mtazame Steve Kerr, naye alikuwa mchezaji wa benchi. Mwaka 1988 alichaguliwa wa 50 kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani; hakuwa na mbio wala kimo cha kutisha. Alikuwa na mtupo wa pointi tatu, na masikio. Kwenye timu ya Chicago alifundishwa na Phil Jackson, San Antonio na Gregg Popovich, akaondoka na mataji matano. Alistaafu 2003, akachambua mechi kwenye televisheni, akawa meneja mkuu wa Phoenix, na ukocha wa Golden State Warriors akaupata 2014. Msimu wa kwanza tu, ubingwa.

Kwa hiyo benchi si aibu. Nyota wengi (wanisamehe) hushindwa kueleza wanachokifanya. Ila usirukie ukocha mkuu. Omba kuwa kocha msaidizi msimu huu, shika daftari, andika kwa nini kocha kaomba mapumziko dakika ile na si nyingine. Na goti ulitibu kwanza. Kocha naye husimama mechi nzima.